Kigawo Kikubwa cha Shirika: Tuwafundishe Watoto Kufuata Baki

Katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi huketi nyuma ya darasa na daftari lake, na kutoka pale huona mambo ambayo mwalimu aliyesimama ubaoni hawezi kuyaona. Tulikuwa tumeketi hivyo siku moja katika shule ambayo hatutaitaja, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha namna ya kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, cha namba tatu. Alikuwa amejiandaa vema. Andalio la somo lilikuwa kamili, mwandiko wake ubaoni ulisomeka hata na mtoto wa dawati la mwisho, wala hakuwa na haraka. Aliandika 12, 18 na 30, akachora jedwali, akagawanya zote kwa 2 akapata 6, 9 na 15, akagawanya tena kwa 3 akapata 2, 3 na 5, akasimama hapo. Akazidisha 2 kwa 3. KKS ni 6. Watoto wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa.

Kisha likaja zoezi: 8, 12 na 20. Mtoto aliyekuwa mbele yetu akagawanya kwa 2, akagawanya tena kwa 2, akapata 2, 3 na 5. Hapo ilimpasa asimame. Hakusimama. Aliendelea kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka chini ya jedwali pakabaki 1, 1 na 1; akazidisha vigawanyo vyote, akaandika kwa mwandiko mzuri: KKS = 120. Tukamwinamia na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, je, 120 yaweza kuigawanya 8?" Akalitazama jedwali lake, akatutazama sisi, akajibu, "Mwalimu, nimegawanya mpaka zimekwisha zote."

Alisema kweli. Juma lililotangulia alikuwa amefundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, kwa jedwali la namna ile ile, na huko kazi huendelea mpaka namba zote ziishe. Mtoto huyu hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa ameshika vizuri sana jambo alilofundishwa, akalitumia mahali pasipo pake, kwa kuwa mahali hapo pamefanana mno na pale pa kwanza. Jedwali ni lile lile, mistari ni ile ile, vigawanyo huandikwa upande ule ule wa kushoto. Tofauti ni sharti moja tu ambalo mwalimu hulitamka kwa mdomo: kwa KDS yatosha kigawanyo kiigawanye hata namba moja, na nyingine zishushwe kama zilivyo, kwa KKS lazima kizigawanye zote. Sharti lililotamkwa mara moja halishindani na jedwali lililochorwa mara ishirini.

Na majina yenyewe hayamsaidii mtoto. Asikiapo "kikubwa" hutazamia namba kubwa, asikiapo "kidogo" hutazamia namba ndogo. Kumbe KKS haiwezi kuizidi namba iliyo ndogo kuliko zote, na KDS haiwezi kupungua chini ya ile iliyo kubwa kuliko zote. Kile Kikubwa ni kidogo, na kile Kidogo ni kikubwa! Wanachuo hucheka tunapolisema jambo hili, lakini ni wachache wanaokumbuka kulieleza darasani. Herufi ya mwisho nayo ina maana yake, na Kiswahili chetu kinaieleza vizuri. Kama kifuniko ni kitu kifunikacho, kigawo ni namba igawanyayo. Kama kiumbe ni kitu kilichoumbwa, kigawe ni namba iliyogawanywa. Dakika tano zinazotumiwa kuzilinganisha o na e ubaoni hazipotei bure.

Hata hivyo maelezo ya majina hayatoshi, kwa maana jedwali lina udhaifu mwingine ambao huonekana namba zinapokuwa ngumu kidogo. Mpe mtoto 221, 323 na 391. Atajaribu 2, atajaribu 3, 5, 7, na akiwa mvumilivu atajaribu 11. Hakuna kinachogawanya. Tumeliona jambo hili si mara moja: mtoto huandika kwamba KKS ni 1, na mwalimu ambaye naye alijaribu mpaka 11 humwekea alama ya vema. Lakini 221 ni 13 mara 17, na 323 ni 17 mara 19, na 391 ni 17 mara 23. KKS ni 17. Njia ya jedwali humtaka mtoto akisie kigawanyo. Asipokipata, hana namna ya kujua kama hakipo au kama yeye hakufika. Ndiyo maana walimu wengi huchagua namba zilizo rahisi, zenye 2 na 3 na 5 ndani yake, na mtoto huondoka shuleni akidhani kwamba namba zote ni za namna hiyo.

Maoni yetu ni haya. Jedwali liachiwe KDS peke yake. KKS ifundishwe kwa njia ya kugawanya mfululizo, ambamo baki la kila mgawanyo huwa kigawanyo cha mgawanyo unaofuata. Njia hii haihitaji kukisia. Ina mwisho ulio dhahiri, na kwa macho haifanani hata kidogo na jedwali la KDS. Tena, jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi, sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa kamba.

Zana zinazotakiwa ni kamba tatu za katani au za ukindu, moja ya sentimeta 84, ya pili sentimeta 60, ya tatu sentimeta 42. (Zamani tulitumia mfano wa fundi seremala na mbao zake, mpaka mtoto mmoja ambaye baba yake alikuwa fundi akatuuliza unga wa msumeno umekwenda wapi. Tangu siku hiyo twatumia kamba.) Swali kwa darasa ni moja: ni kipimo gani kilicho kirefu kuliko vyote kinachoweza kuzipima kamba hizi zote bila kubakiza kitu? Waanze na kamba mbili. Watoto wawili wailaze kamba ya 60 juu ya ile ya 84. Inabaki 24. Hapo mwalimu anyamaze kidogo, kisha aulize: kipimo kinachoingia sawasawa katika 84, na kinachoingia sawasawa katika 60, je, kitaingia sawasawa katika kipande kilichobaki? Watoto wengine watasema ndiyo upesi, bila kufikiri. Wengine watataka kuona. Hao wanaotaka kuona ndio wa kusubiriwa. Ikihitajika, chukueni kipimo cha sentimeta 4 na kukihesabu: mara 21 katika 84, mara 15 katika 60, kwa hiyo mara 6 katika kilichobaki.

Likishaeleweka hilo, yaliyobaki hujiendea. Badala ya kutafuta kipimo cha 84 na 60, twaweza kutafuta cha 60 na 24, kazi ambayo ni ndogo zaidi. Kamba ya 24 hulala juu ya 60 mara mbili, inabaki 12. Kamba ya 12 hulala juu ya 24 mara mbili, haibaki kitu. Basi 12 inaipima 24. Kwa hiyo inaipima 60, maana 60 ni 24 mbili na 12. Kwa hiyo inaipima 84, maana 84 ni 60 na 24. Na hakuna kipimo kikubwa kuliko 12 kinachoweza kuzipima zote mbili, kwa sababu kingelazimika kuipima 24, kisha kuipima 12 yenyewe. Tunawasihi wanachuo wasiiruke sehemu hii ya pili. Mtoto anayejua kwamba 12 ni kigawo cha shirika bado hajajua kwamba ndicho kikubwa.

Sasa ije kamba ya tatu. Chochote kinachozipima kamba zote tatu kinazipima zile mbili za kwanza, kwa hiyo kinaipima 12. Yatosha basi kuilinganisha 12 na 42. Mara tatu, inabaki 6. Na 6 huingia katika 12 mara mbili, haibaki kitu. KKS ya 84, 60 na 42 ni 6. Kama ingekuwako kamba ya nne, tungeilinganisha na 6, na kadhalika kwa kamba zote zitakazoletwa. Ubaoni kazi yote ni mistari michache:

84 ÷ 60 = 1, baki 24
60 ÷ 24 = 2, baki 12
24 ÷ 12 = 2, baki 0
42 ÷ 12 = 3, baki 6
12 ÷ 6 = 2, baki 0

Watoto waliokwisha kuzoea waweza kuonyeshwa njia fupi zaidi kwa namba nyingi. Chukua namba iliyo ndogo kuliko zote, igawanye kila namba nyingine kwa hiyo, na mahali pa kila namba andika baki lake. Lililo 0 lifute. Kisha rudia. Zile 221, 323 na 391 zilizomshinda mtoto wetu wa jedwali hufanywa hivi: iliyo ndogo ni 221, 323 inabakiza 102, na 391 inabakiza 170. Sasa tuna 221, 102 na 170. Iliyo ndogo ni 102. 221 inabakiza 17, na 170 inabakiza 68. Sasa tuna 102, 17 na 68. Iliyo ndogo ni 17, nayo huzigawanya mbili zilizosalia bila baki. KKS ni 17, na hakuna aliyelazimika kujua kwamba 17 ni namba tasa, wala kwamba 13 mara 17 ni 221.

Njia hii si mpya, na mwanachuo asidhani kwamba tunamletea mtindo wa msimu huu. Euclid, aliyefundisha Alexandria katika nchi ya Misri karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, aliieleza mwanzoni mwa kitabu cha 7 cha Elements: kwanza kwa namba mbili, kisha kwa tatu, kwa mpango ule ule tulioutumia na kamba ya tatu. Wachina wa kale nao waliifahamu. Katika kitabu chao cha hesabu kiitwacho Sura Tisa, ambacho kina umri wa miaka ipatayo elfu mbili, imetolewa kanuni ya kurahisisha sehemu kwa kutoa namba ndogo katika kubwa, zamu kwa zamu, mpaka namba mbili zilingane. Mfano mmoja wao ni sehemu yenye kiasi 49 na asili 91. Toa 49 katika 91, inabaki 42. Toa 42 katika 49, inabaki 7. Endelea kutoa 7 katika 42 mpaka nayo iwe 7. Basi gawanya kiasi na asili kwa 7, upate 7 juu ya 13.

Tumeuleta mfano huo kwa makusudi, kwa kuwa unajibu pingamizi moja ambalo wanachuo hulitoa kila mwaka, nalo si la kupuuzwa: watoto wengi ni dhaifu katika kugawanya, na njia inayotaka migawanyo mitano itawaangusha mara tano. Mtoto kama huyo na aanze kwa kutoa. Kugawanya kwa namna hii ni kutoa kulikofupishwa, na kamba zimekwisha kumwonyesha hivyo kwa macho. Akichoka kutoa 7 mara tano mfululizo, yeye mwenyewe ataomba njia ya mkato, na hapo kugawanya kutakuwa na faida anayoiona. Ama kuhusu urefu wa kazi, mwanahisabati Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha mwaka 1844 kwamba kwa namba mbili, idadi ya migawanyo haizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za namba iliyo ndogo. Kwa 8 na 13 ukomo huo hufikiwa kamili: 13 kwa 8 baki 5, 8 kwa 5 baki 3, 5 kwa 3 baki 2, 3 kwa 2 baki 1, 2 kwa 1 baki 0. Lakini kwa namba nyingi tunazowapa watoto, kazi huisha mapema zaidi. Tena, mara baki linapokuwa 1 mtoto aweza kuweka kalamu chini: namba hizo hazina kigawo cha shirika ila 1.

Hatusemi kwamba njia hii haina makosa yake. Tumeyaona, na mwanachuo afadhali ayajue kabla ya kuingia darasani. Lililo la kawaida kuliko yote ni mtoto kuchukua jawabu la mgawanyo badala ya baki, akalifanya kigawanyo kinachofuata. Dawa yake ni kuchora mshale kutoka kila baki mpaka mahali linapokwenda katika mstari wa chini, kwa chaki ya rangi moja, kwa siku tatu au nne za mwanzo. Kosa la pili ni kuandika kwamba KKS ni 0, kwa kuwa 0 ndilo baki lililoandikwa mwisho. Mtoto huyo arudishwe kwenye kamba: tulikuwa tukipima kwa kipande gani pale ambapo hakikubaki kitu? Kosa la tatu hutokea namba zinapokuwa tatu. Kwa 12, 18 na 27, mtoto hupata kwamba KKS ya 12 na 18 ni 6, kisha hupata kwamba ya 18 na 27 ni 9, akachagua 9 kwa sababu ni kikubwa. Lakini 9 haiigawanyi 12. Ilimpasa aichukue ile 6 na kuilinganisha na 27, apate 3. Kosa hili ni la heshima. Linaonyesha mtoto anayefikiri, nasi twapendelea kulisahihisha mbele ya darasa zima kuliko kulifuta kwa wino mwekundu.

Wapo wakufunzi wenzetu wasiokubaliana nasi. Wao husema kwamba jedwali na vigawo tasa humwonyesha mtoto namba ilivyojengwa ndani yake, na kwamba kuufuata mgawanyo mpaka mwisho ni kazi ya mashine. Neno lao la kwanza twalikubali, na hatutaki somo la namba tasa liondolewe. Lina nafasi yake, na KDS hulihitaji. La pili hatulikubali. Kazi ya mashine ni ile inayofanywa pasipo kujua sababu, na mtoto aliyeandika 120 ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo, kwa utii mkubwa, ndani ya jedwali. Wengine huuliza juu ya mtihani. Swali la mtihani linalotaka KKS hutaka jawabu lililo sahihi, na mtoto anayefuata baki hulifikia hata pale namba zilipochaguliwa ili kumtega.

Kuna faida moja zaidi, na pia mtego mmoja. Kwa namba mbili, mtoto akishapata KKS aweza kupata KDS kwa kuzidisha namba hizo na kugawanya kwa KKS: 84 mara 60 ni 5,040, gawanya kwa 12, KDS ni 420. Wanachuo hufurahi sana wakilijua hili, na kesho yake hulitumia kwa namba tatu. Halifai. Zidisheni 84, 60 na 42, mtapata 211,680. Mkigawanya kwa 6 mtapata 35,280, hali KDS ya namba hizo tatu ni 420 ile ile. Sababu yake tunawaachia mwitafute wenyewe. Kwa namba tatu, KDS itafutwe kwa jedwali, au kwa kuchukua mbili kwanza kisha kuleta ya tatu, kama tulivyofanya kwa kamba.

Jambo la mwisho ni uchaguzi wa namba za zoezi. Siku ya kwanza namba ziwe zile zinazoweza kukatwa kwa kamba na kuonekana. Siku ya pili ziwepo angalau namba tatu ambazo 2, 3, 5 na 7 hazizigawanyi, ili darasa lione kwamba kukwama kwa kukisia si dalili ya kutokuwepo kwa kigawo. Sisi hutoa 437, 551 na 589. Mwanachuo asiyezijua na azifanye leo usiku kwa njia zote mbili, kwanza kwa jedwali, kisha kwa kufuata baki, na aandike pembeni ni dakika ngapi alizotumia kwa kila njia.